Je, Bahati Ina Kipimo?

Watu husema kwamba bahati haina mizani. Mimi niliyefundisha hisabati kwa miaka mingi, na kupenda kriketi kwa miaka mingi zaidi, nimejiuliza mara kwa mara kama msemo huo ni wa kweli. Wala sijaona mahali pazuri pa kuujaribu kuliko mkononi mwa mrushaji mpira. Mrushaji hufanya kazi yake mbele ya macho ya watu, mpira baada ya mpira, na kila mpira huandikwa kitabuni. Hata hivyo, mpira mzuri kabisa waweza kupita unywele mmoja kando ya vijiti, na mpira mbovu ukapigwa ovyo, ukadakwa, ukampa mrushaji wiketi. Kitabu huandika wiketi. Unywele hakiuandiki.

Chukua, msomaji wangu, mechi ya Old Trafford, Manchester, mwezi wa Julai 1956. Jim Laker wa Uingereza alitwaa wiketi 19 kati ya 20 za Waaustralia, kwa mikimbio 90 tu. Mwenzake Tony Lock alirusha ova 69, yaani moja zaidi ya Laker, akaambulia wiketi 1 kwa mikimbio 106. Je, Lock alikuwa mrushaji hafifu? La hasha! Mwezi huo huo, akiichezea Surrey dhidi ya Kent, aliwatoa wapigaji wote 10 katika zamu moja.

Tuseme kila wiketi ya Old Trafford ingeamuliwa kwa kurusha shilingi kati ya watu hao wawili. Uwezekano wa Laker kupata 19 au zaidi ungekuwa kama 1 katika 50,000. Kwa hiyo ni vigumu mno kuamini kwamba ilikuwa shilingi tupu. Mkono wa Laker siku zile ulikuwa na kitu zaidi. Lakini je, alimzidi mwenzake mara kumi na tisa? Tazama maisha yao mazima. Laker alimaliza na wiketi 193 katika mechi 46 za kimataifa za Test, na Lock 174 katika mechi 49. Pengo lililokuwa la 19 kwa 1 likawa la wiketi nne na kidogo kwa tatu na nusu katika kila mechi. Katika kile kilichoyeyuka, sehemu fulani ilikuwa bahati.

Sasa niseme habari iliyonifanya niandike haya. Rafiki yangu mmoja, kijana mwenye mkono mwepesi, aliachwa nje ya timu yake kwa kuwa katika mechi tatu alirusha mipira 90 bila kupata hata wiketi moja. Waliomwacha walisema takwimu hazidanganyi. Nikachukua kalamu. Tuchukulie kwamba ni mrushaji wa kupata wiketi moja kwa kila mipira 40, na huyo ni mrushaji wa kutamanika. Mrushaji wa namna hiyo, bila kosa lolote, atatoka mikono mitupu katika mipira 90 mara moja kwa kila mara kumi. Maana yake, ukiwa na vijana kumi kama yeye, ukawapima wote kwa mipira 90, tarajia kumfukuza mmoja kwa kosa ambalo hakulitenda. Naam, takwimu hazidanganyi; ila zilikuwa hazijaulizwa.

Mpe kijana huyo huyo mipira 4,000. Atatarajiwa kupata wiketi 100, na mara mbili katika kila tatu hesabu yake itaangukia kati ya 90 na 110. Bahati haikwisha, lakini imenywea. Sauti ya mkono wake sasa inasikika juu ya kelele.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba bahati hupimika, lakini kwa jumla yake tu. Hesabu yaweza kunikadiria gunia hili la mchele lina kokoto kiasi gani. Haiwezi kuniambia kokoto imo katika tonge lipi. Siku hizi kamera hufuata njia ya kila mpira, na wachambuzi huhesabu hata ile iliyomshinda mpigaji isimtoe. Hilo ni jema, maana ule unywele umepata mwandishi wake. Lakini hata kamera humlinganisha mtu na wastani wa wengine. Wiketi hii moja, kwamba ni ya haki au ya kubahatisha, hakuna chombo kitakachoapa.

Linalonisumbua zaidi ni la maadili. Tumeona kwamba dawa ya bahati ni wingi wa mipira. Lakini mipira 4,000 hupewa nani? Hupewa aliyeanza vizuri. Aliyebahatika katika 90 za kwanza hufunguliwa mlango, akapata nafasi ya kuthibitisha ustadi wake. Aliyekosa hufungiwa, na hesabu yake haipati kamwe siku ya kusawazika. Hapo bahati imetoka kwenye mpira, ikahamia mlangoni, nako hakuna anayeiandika. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanafunzi apimwaye kwa mtihani wa asubuhi moja, na kwa kibarua apimwaye kwa wiki ya kwanza.

Simaanishi kwamba tusichague. Timu ni ya watu kumi na mmoja. Nasema anayechagua ana deni: aseme amepima kiasi gani, na aliyeachwa aitwe tena. Wazee walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nami nakubali. Lakini methali hiyo ni ya mtu aliyeachiwa njia ya kufika pwani.