Kukaa Ukingoni mwa Ziwa: Ni Imani au ni Kumjaribu Mungu?



Kila masika yanapoanza, swali moja hurudi katika nyumba zetu za Kalundu: je, mtu anayebaki na watoto wake ukingoni mwa ziwa anaonyesha imani, au anamjaribu Mungu? Leo tunataka kulijibu bila kuficha kitu, kwa maana sisi wenyewe tuliwahi kulijibu vibaya.

Mwaka 2024 mama mmoja wa kanisa letu alituuliza kama ahame. Maji yalikuwa yamekwisha kufika uani. Tukamwambia: "Mama, kaa katika maombi, Bwana atakulinda." Akatutii. Siku chache baadaye ukuta ukaanguka usiku. Yeye na watoto walitoka wazima, lakini vitanda, unga na cherehani iliyowalisha vikapotea. Hakutulaumu. Huko kutolaumu kwake ndiko kunakotuchoma hata leo.

Tulimsahau Nuhu. Yeye aliamini, na kwa sababu aliamini alijenga safina kabla tone la kwanza halijaanguka. Imani yake ilikuwa na mikono.

Tena ziwa letu halikutuficha tabia yake. Mwaka 1878 lilikuwa juu sana, kabla maji hayajaufungua mto Lukuga, mlango wake wa kutokea kwenda mto Kongo. Mwaka 1964 likapanda tena na kumeza fukwe. Mwaka 2024 likafika kama mita 777 juu ya usawa wa bahari, na maji yakaingia nyumbani Uvira, Baraka hata Bujumbura. Ziwa lilirudi mahali lilipowahi kulala. Sisi ndio tuliojenga juu ya kitanda chake lilipokuwa limesogea kidogo.

Wengine wana jibu lingine: ati waliofikiwa na maji walikuwa wenye dhambi. Ndugu, tulikatae neno hilo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika hapa Uvira, watu makumi kadhaa walikufa na nyumba maelfu zikabomoka. Je, hao walikuwa wabaya kuliko sisi tuliobaki? Bwana Yesu alikwisha kukana fikira hiyo aliposema habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Maji hufuata bonde. Hayaulizi nani ametoa zaka.

Lakini pia haitoshi kusema tu, "Hama!" Mvuvi wa ndagala anakaa karibu na mtumbwi wake kwa kuwa chakula cha watoto kiko pale. Mji wetu ni ukanda mwembamba kati ya milima na ziwa. Anayekimbia maji ya mbele aweza kukutana na udongo unaoporomoka nyuma. Na kiwanja kizuri kina bei. Mtu anayesema "hama" huku mlango wake umefungwa, amesema nusu ya neno.

Na sisi tunaokaa juu tuna deni. Tukikata miti ya mlima kwa ajili ya makaa, tukijaza takataka katika mitaro, maji hushuka kwa hasira juu ya jirani wa chini. Tukitafuta dhambi katika mafuriko, tuanzie hapo.

Basi, wapendwa, tufanye hivi. Mwenye uwezo ajenge mbali na maji. Jirani zetu wa Burundi wameweka katika sheria mita 150 kutoka ziwani. Asiye na uwezo afunge mizigo mapema, na watoto wake walale mahali pa juu tangu Machi hadi Mei. Wenye nyumba salama wafungue chumba, na kanisa lifungue sakafu yake. Vijana wanaoshuka kuoga Jumapili baada ya ibada, wakiona wingu jeusi juu ya mlima, watoke upesi penye midomo ya mito, hata kama jua bado linawaka ufukweni.

Yule mama tumemwomba msamaha, naye ametusamehe. Masika haya, akija mwingine kutuuliza, tutaomba pamoja naye, kisha tutainuka na kumbebea kitanda.

Bwana awalinde, na atupe mikono ya kulindana. Amina.