Ameokoka, Mbona Bado Anatamani?



Hapa Isiolo kuna neno tunalisema haraka sana. Kijana anaombewa, anaacha miraa, halafu baada ya wiki tatu anaonekana tena shavu limefura. Tunasema, "Huyo hakuokoka." Leo tujiulize: tuna haki ya kusema hivyo?

Mungu ameweka ndani ya ubongo mfumo wa kutufurahisha kwa mambo mema. Ukila ukiwa na njaa, ukisifiwa kwa kazi yako, ubongo unatoa kemikali iitwayo dopamini, inayokufundisha: hili ni zuri, lirudie. Jani bichi la miraa lina kathinoni, ambayo huchochea dopamini hiyohiyo. Nguvu yake hupungua jani likikauka, ndiyo maana magari ya kutoka Maua hukimbia vile. Pombe na heroini nazo huingilia mfumo huohuo, kila moja kwa njia yake.

Si kila anayetafuna huwa mraibu. Lakini dawa za kulevya zikitumiwa kwa wingi miaka mingi, ubongo hujilinda. Mimi nilisomea biashara, wacha niseme kibiashara. Zimbabwe ilichapisha pesa ovyo mpaka mwaka 2009 ikatoa noti ya dola trilioni 100, na thamani yake ikaisha mikononi mwa watu. Vivyo hivyo, dopamini ikifurika kila siku, ubongo hupunguza milango ya kuipokea. Dozi ya jana haileti stimu leo. Vibaya zaidi, furaha ndogondogo hazinunui kitu tena: ugali na familia, kicheko cha mtoto, hata sifa za Jumapili. Na akipita tu pale alipozoea kununua, tamaa inaamka kabla hajafikiria lolote.

Basi hana hatia? Sisemi hivyo. Mara ya kwanza alichagua, na hata leo anaweza kuchagua. Shida ni kwamba anapima kwa mizani iliyoharibika. Ukimwambia "amua tu," ni kama kumwambia aliyevunjika mguu akimbie. Paulo mwenyewe, katika Warumi 7, anaeleza vita ya mtu anayetenda asilolitaka.

Habari njema ni kwamba mizani hii huweza kupona. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 uliwapima watu waliokuwa wakitumia methamfetamini. Baada ya kukaa mwaka mmoja na zaidi bila dawa, sehemu zinazobeba dopamini ubongoni zilikuwa zimerudi kwa kiasi kikubwa, ingawa si kila kitu kilikuwa kimepona. Mwaka na zaidi, wapendwa! Sisi tunampa wiki tatu.

Mkumbukeni Lazaro. Yesu alimfufua kwa neno moja, lakini alitoka kaburini bado amefungwa sanda, na Yesu akawaagiza waliosimama pale wamfungue. Kufufua ni kazi ya Bwana. Kufungua sanda alituachia sisi.

Kwa hivyo wiki hii mpigie simu saa zile alizozoea kukaa na majani. Tembea naye njia nyingine kwenda sokoni. Mtafutie kibarua. Maombi yaendelee, na akihitaji daktari, mpeleke. NACADA wana simu ya bure, 1192. Akianguka, nenda tena kesho.

Mungu awabariki.