Je, Mwuguzi Aliyechoka Amepungukiwa na Huruma?

Katika mji wetu wa Arusha na vijiji vya miteremko ya Meru, liko lalamiko lisikiwalo mara nyingi: kwamba mwuguzi fulani alimjibu mgonjwa kwa ukali, au alipita kando ya kitanda chake kama apitaye kando ya jiwe. Na watu wakiisha kulisimulia hutoa hukumu papo hapo, wakisema, "Yule hana huruma, kazi hii ameifuata mshahara tu." Neno hili si dogo. Likiwa kweli, dawa yake ni kuwaondoa wasio na huruma na kuwatafuta walio nayo. Lisipokuwa kweli, twawahukumu watu kwa kosa lisilo lao, na wagonjwa wetu wataendelea kuteseka, maana dawa tuliyoichagua siyo. Basi yafaa tulipime.

Kwanza tuutazame uchovu wenyewe. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mtaalamu wa mambo ya nafsi katika mji wa New York, aliandika habari za watu waliofanya kazi katika zahanati zilizotibu watu bila malipo. Aliona kwamba watu walioanza kwa bidii kubwa walifikia siku ya kutokuwa na kitu tena cha kumpa mgonjwa, akauita uchovu huo kwa neno lenye maana ya kuungua hata kwisha. Tena alionya kwamba wanaojitoa zaidi ndio walio katika hatari. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walitoa kipimo cha hali hiyo, nacho chapima mambo matatu: nguvu za moyo kwisha, kuwatendea watu kama vitu, na kuona ya kuwa kazi yako haizai tunda. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hii si ugonjwa, bali ni jambo litokalo katika kazi, pale taabu ya kazi inapodumu siku nyingi bila kutengenezwa.

Angalieni jambo la pili katika hayo matatu, yaani ule ubaridi. Ndilo tulilaumulo sisi, nasi twalihesabu kuwa chanzo. Lakini mara nyingi ubaridi hufuata uchovu, wala hautangulii. Mtu akibeba ndoo ya maji njia ndefu bila kubadili mkono, mwisho vidole hufa ganzi. Hatusemi kwamba vidole vile havikuzaliwa na hisia; twajua ya kuwa vimebeba kupita kiasi. Moyo nao hufa ganzi. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Na gogo la mwuguzi huchongwa kila usiku, kipande kwa kipande, hata asubuhi moja halipo tena.

Pengine mtu atauliza, "Je, kwa hiyo mama mwenye uchungu wa kuzaa avumilie matusi, kwa sababu mwuguzi amechoka?" Hasha. Haki ya mgonjwa haipunguzwi na uchovu wa mtu awaye yote. Kueleza chanzo cha kosa si kulihalalisha. Tena wako wauguzi wachache wenye tabia mbaya kweli, kama walivyo walimu wabaya na wafanya biashara wabaya, nao yafaa waonywe. Walakini anayemwonya mtu mwenye ganzi asimpunguzie mzigo, atarudi kumwonya kesho na kesho kutwa, na mgonjwa hatapona kwa maonyo hayo.

Iko methali ituhukumuyo sisi sote: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walisifiwa kwa kubeba pembe na bidhaa kati ya bara na pwani, na methali imeuhifadhi uwezo wao. Lakini imesahau nusu ya habari. Mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo chake, kwa kawaida kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Safari ilikuwa na vituo vya kupumzika, nao wapagazi walijua kugoma wakizidishiwa. Sisi tumeshika sifa ya nguvu tukaacha mizani. Mwuguzi akiwa hodari, humwongezea vitanda. Binti akiwa mpole, humwachia nyanya wa kumwuguza. Kisha twamwita malaika. Sifa hiyo ni tamu, lakini yafaa tuiogope, kwa kuwa malaika hali, halali, wala haombi zamu. Mara nyingi twamsifu mtu ili tusimsaidie.

Sasa tuulize: je, iko njia iliyojaribiwa ya kuupunguza uchovu huu? Iko. Mwaka 2016 Colin West na wenzake wa Marekani walikusanya uchunguzi mwingi uliofanywa juu ya madaktari. Njia walizozikuta zilikuwa za namna mbili: za kumwimarisha mtu mwenyewe, kama kumfundisha kutuliza moyo na kuzungumza na wenziwe, na za kuitengeneza kazi, kama kufupisha zamu. Namna zote mbili zilifaa kiasi: waliochoka walipungua kutoka kadiri ya 54 katika kila 100 hata 44. Mwaka uliofuata Maria Panagioti na wenzake wa Uingereza walipima jambo lilo hilo, wakaona ya kuwa faida ilikuwa kubwa zaidi pale taratibu za kazi zilipobadilishwa kuliko pale mtu alipofundishwa peke yake kustahimili.

Tena faida si ya mtibu tu. Mwaka 2004 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika mji wa Boston, katika wodi za wagonjwa mahututi. Madaktari wapya waliofanya zamu za kale, za saa 24 au zaidi mfululizo, walifanya makosa makubwa ya tiba yaliyozidi kwa karibu 36 katika kila 100 kuliko walipopewa zamu zilizofupishwa. Hapo twaona ya kuwa anayempumzisha mwuguzi amemlinda mgonjwa. Mwenye kusema, "Asipumzike, maana wagonjwa ni wengi," asema kwa nia njema, lakini awadhuru wao hao anaowatetea.

Najua mtu atajibu kwamba hayo ni ya nchi tajiri, sisi watu wetu ni wachache. Ni kweli. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitaja kadiri ya madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1000, nayo nchi yetu iko mbali sana na hesabu hiyo. Lakini wazee wa mlima huu walijua tangu zamani la kufanya kitu kinapokuwa haba. Wameru na Waarusha walichimba mifereji kuyatoa maji katika mito ya Meru, nao hawakusema kwamba kwa kuwa maji ni machache, basi mwenye nguvu achote mpaka yakauke. Waliweka zamu. Kila mwenye shamba alijua siku yake, na mfereji ulipoziba watu walitoka pamoja kuuzibua. Uchache haukuiondoa haja ya zamu. Uchache ndio ulioizaa. Basi ikiwa maji tuliyapangia zamu ili yasikauke, kwa nini huruma ya watu tusiipangie?

Jambo hili lina sehemu tatu, na kila mmoja ana yake. Sehemu ya kwanza ni ya serikali. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau 15 katika kila 100 ya fedha za serikali kwa ajili ya afya, na nchi nyingi hazijaifikia ahadi hiyo. Ahadi ni deni, na deni hili hulipwa kila usiku na mwuguzi aliye peke yake katika wodi.

Sehemu ya pili ni ya wasimamizi wa hospitali na zahanati, kubwa kwa ndogo, kuanzia hospitali ya mkoa ya Mount Meru hata zahanati ya kijijini. Kutangaza zamu mapema, kumpa mtu siku yake ya mapumziko bila kumwita tena, kuwakusanya wauguzi baada ya kifo kizito ili waseme yaliyo moyoni: hayo hayadai fedha nyingi, yadai nia. Huduma ya tiba shufaa ya Hospitali ya Selian, karibu na Ngaramtoni, imewapelekea wagonjwa wasiotarajia kupona msaada mpaka nyumbani kwao, kwa mikono ya wauguzi pamoja na watu wa kujitolea. Kazi kama hiyo yatufundisha kwamba mzigo wa kuuguza waweza kugawanywa kati ya hospitali na jirani.

Sehemu ya tatu ni yetu sisi wenyewe, nayo ndiyo tunayoisahau. Ule uchovu ulioelezwa na Shirika la Afya ni wa kazi ya ajira. Anayemwuguza mzazi nyumbani hamo katika hesabu hiyo. Hana zamu, hana mshahara, hana wa kumpokea. Sisi walimu twamjua. Ni yule msichana asinziaye katika somo la kwanza, ambaye usiku aliamka mara nne kumgeuza nyanya yake aliyepooza. Kaka zake hulala. Majirani husema, "Ana moyo huyu mtoto." Mwisho wa mwaka hafaulu, na waliomsifu hawapo siku ya matokeo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tusioubeba twauona mwepesi.

Basi jibu langu ni hili. Mwuguzi aliyechoka hakupungukiwa na huruma. Amepungukiwa na wenzi. Huruma ni wajibu wa wengi ulioachwa mikononi mwa wachache, nasi tukiwaona wameanguka twawalaumu kwa udhaifu. Asiyeweza kuongeza wauguzi hospitalini aweza kumpelekea mmoja salamu njema badala ya kelele. Na katika kila nyumba yenye mgonjwa wa siku nyingi, ndugu na wakae jioni moja, wake kwa waume, waandike katika karatasi: nani usiku huu, nani kesho, nani Jumapili. Jina la kijana wa kiume na liandikwe pia. Karatasi hiyo haitamponya mgonjwa, lakini itamfanya anayemwuguza alale usiku mmoja; na asubuhi yake mgonjwa ataamkiwa na uso uliopumzika.