Tafakuri ya Siku ya 14: Umeuona, au Umesikia?



Ndugu zangu wa Kiboriloni na popote mnaposomea ujumbe huu, alhamdulillah tumefika siku ya kumi na nne. Mwezi unakaribia kujaa, na bila shaka bado unakumbuka jioni ile ya kuutafuta, simu zilivyokuwa zinalia. Huyu anaandika "mwezi umezaliwa", yule "mwezi unatarajiwa kuonekana leo", mwingine "mwezi umeonekana". Wengi wetu tuliyasoma yote matatu kama neno moja.

Lakini hayafanani. Mwezi kuzaliwa ni hesabu ya wanafalaki, na unaweza kuzaliwa mchana halafu jioni yake jicho lisione kitu. Kutarajiwa ni matumaini. Kuonekana ni ushahidi wa mtu mwenye macho yake.

Sifungui mjadala wa mwandamo wa kitaifa na wa kimataifa. Huo tuwaachie masheikh wetu. Nataka uone jambo moja tu. Jioni ile hata bibi ambaye hakukaa darasani alijua kuuliza: Nani kauona? Wapi? Saa ngapi? Kauona mwenyewe au kaambiwa? Hakuna aliyemwambia bibi anasumbua. Sote tulijua kuwa saumu ya watu inategemea majibu yale.

Sasa nikuulize, ndugu yangu: umakini ule unapotelea wapi mwezi ukishaandama? Hasa habari inapokuja na maneno makubwa ya intaneti, mitambo, akili mnemba na pesa za mtandaoni?

*Mlima wetu wenyewe*

Tuanze na jambo la nyumbani. Agosti 2022, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, Nape Nnauye, alizindua huduma ya intaneti ya kasi kwenye Mlima Kilimanjaro, iliyowekwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL. Ilikuwa habari njema. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa usalama wa wageni na wapagazi, na wapagazi hao wengi ni vijana wetu, wanaotoka kwenye nyumba zetu.

Ila siku ile huduma ilizinduliwa Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kufika kileleni kulikuwa bado ni mpango, na ilielezwa kuwa kungekamilika kabla ya mwaka ule kuisha.

Habari ikazunguka dunia. Kila ilipofupishwa, kitu kimoja kikadondoka njiani, mpaka kwenye simu nyingi ikafika hivi: "Sasa unapiga picha kileleni Kilimanjaro na kuirusha hapo hapo." Neno "itafika" likageuka "imefika". "Mlimani" ikageuka "kileleni". Tofauti ni mita 2,175, na kila mtu wa Moshi anajua mita hizo ndizo zenye baridi kali, hewa nyepesi, na usiku wa mwisho ambao watu huzidiwa.

Chukulia kijana mmoja mpagazi aliyeamini kichwa cha habari kile. Anajiambia, "Mtandao upo mpaka juu, nikipata shida nitapiga simu." Anapanda kutoka Horombo akiwa na imani na kitu ambacho siku ile hakijafika. Aliyemtumia habari hakukusudia ubaya. Hata yule aliyeiandika mwanzo pengine aliandika vizuri. Lakini uzito wa neno lile moja ungembebesha nani? Yeye kijana, gizani, na simu isiyo na mtandao.

Tuwe waadilifu upande wa pili pia. Wapo waliosema siku zile, "Uongo mtupu, hakuna intaneti yoyote, ni siasa." Nao walikosea, kwa sababu Horombo huduma ilikuwapo. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat, tunapojiwa na habari na mtu asiyeaminika, inatutaka tuichunguze, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Kuchunguza kuna kazi. Kukubali kila kitu na kukataa kila kitu ni uvivu wa aina moja, umevaa kanzu mbili tofauti.

*Habari ya lumbesa*

Sisi watu wa sokoni tunaijua lumbesa. Gunia linajazwa, halafu linashonewa kofia juu mpaka linakuwa na mzigo ambao gunia lenyewe halikupimwa kuubeba. Kwa macho ni gunia moja. Mkulima analipwa la moja, lakini ametoa zaidi. Hakuna aliyetamka uongo kwa mdomo. Kofia ndiyo imesema uongo. Na unajua Suratul Mutaffifin inavyoanza: kwa onyo kwa wanaopokea kipimo kamili na kuwapimia wenzao pungufu.

Vichwa vingi vya habari za teknolojia ni lumbesa. Chini kuna kitu cha kweli, juu imeshonwa kofia. Angalia mifano michache.

Tangazo linasema intaneti ina kasi ya "hadi megabiti 20 kwa sekunde". Kwanza, "hadi" ni dari. Hujaahidiwa kufika hapo. Pili, faili kwenye simu yako linapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo hata ukiipata kasi ile yote, ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Herufi moja, tofauti mara nane.

Au unasikia mtandao "umefikia asilimia 90". Asilimia 90 ya nini? Ya watu au ya ardhi? Watu wengi wanaishi pamoja mijini, kwa hiyo mtandao unaweza kuwafikia wengi na bado ukaacha vijiji vingi gizani.

Machi 2023 kampuni ya OpenAI ilitangaza kwamba programu yake ya GPT-4 imefanya mtihani wa uwakili wa Marekani na kupata alama za kuiweka kwenye asilimia 10 ya juu ya watahiniwa. Watu wakasema mawakili wamekwisha. Baadaye mtafiti Eric Martínez akaonyesha kuwa makadirio yale yalielekea kutegemea watahiniwa wa Februari, ambao wengi wao ni wanaorudia baada ya kufeli Julai. Ukiilinganisha na watahiniwa wa Julai, ilishuka sana. Mwanao akikuambia amekuwa wa kwanza, unafurahi. Lakini mzazi mwerevu anauliza, wa kwanza kati ya nani?

*Neno "bure"*

Mwaka 2023, hapo jirani Kenya, watu walipanga foleni ndefu Nairobi kwa ajili ya mradi wa Worldcoin. Unasimama mbele ya kifaa cha duara, kinapiga picha mboni ya jicho lako, unapata sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi za Kenya zipatazo 7,000. Mtaani habari ikawa fupi: "Kuna pesa za bure." Agosti mwaka ule serikali ya Kenya ikausimamisha mradi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile za miili ya watu zifutwe.

Wale ndugu walikuwa na shida ya pesa, na shida haina aibu. Lakini neno "bure" halikuwa neno sahihi. Ilikuwa biashara, na bei yake ilikuwa jicho. Nywila ikiibiwa unabadilisha. Jicho utabadilisha na lipi? Mtu ana haki ya kukubali biashara hiyo akitaka, ila kwanza aambiwe kuwa ni biashara.

*"Mimi nimetuma tu kama nilivyopokea"*

Hii ndiyo kauli yetu kubwa. Je, inatosha kumwondolea mtu lawama?

Ukweli ni kwamba hujatunga wewe. Lakini rudi kwenye mwezi. Mtu akisema "mwezi umeonekana", ukamuuliza "umeuona?", akajibu "hapana, nimetuma tu kama nilivyopokea", utafunga au utafungua kwa kauli yake? Utamwambia akae chini. Basi kama kauli ile haitoshi kwa mwezi, itatosha vipi kwa pesa ya mjane au usalama wa mpagazi? Katika Sahih Muslim tunaonywa kuwa tabia ya kusimulia kila tunachosikia inatosha kumtia mtu kwenye uongo, hata kama hakutunga neno. Na Suratul Israa, aya ya 36, inatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Kidole kinachobonyeza "tuma" kinafanya kazi ya ulimi.

Tazama pia tunavyopima. Ukiandikwa wewe, jina likikosewa herufi moja tu, unataka lisahihishwe leo leo. Unataka kipimo kamili. Habari ya mwingine unaituma na kofia yake ya lumbesa.

*Kazi ya leo*

Yaulize maswali ya mwezi kwa kila habari ya teknolojia itakayokufikia leo, kabla hujaisambaza:

1. Nani kaona mwenyewe? Au ni anayeuza?
2. Wapi hasa? Horombo au Uhuru?
3. Imetokea, au inatarajiwa?
4. Ikilinganishwa na nini?
5. Ikiwa ni "bure", nani analipa, na kwa kitu gani?

Ukikosa majibu, inyamazie. Kunyamaza nako kuna thawabu zake. Na kama wiki hii ulituma kitu ambacho hukukihakiki, kitafute, na ukikuta si sahihi, rudi kwenye kundi lile lile uandike: "Ile ya juzi haikuwa sawa, ukweli ni huu." Inauma kidogo, najua. Lakini tumeacha maji na chakula mchana kutwa. Tusishindwe kuacha neno moja la ziada.

Ewe Mola wetu, tutakabalie saumu zetu, zilinde ndimi zetu na vidole vyetu, utujaalie kuwa wakweli katika kupokea na katika kutoa. Walinde vijana wetu walioko mlimani usiku huu. Aamin.

Ukitaka kumtumia mwenzako ujumbe huu, tafadhali hakikisha umeusoma mpaka hapa.

Ramadhan Kareem.