Dhima ya Mwenye Kuuliza

Kuuliza ni haki ya kila mtu, lakini kuuliza kwa niaba ya wengine ni wadhifa. Mtu aulizaye kwa ajili ya nafsi yake akichoka hunyamaza, na hasara ya kunyamaza kwake humwangukia mwenyewe. Mbunge aulizaye kwa niaba ya watu hana uhuru huo, maana swali lake si mali yake. Ni amana aliyopewa na watu ambao hawawezi kuingia katika ukumbi aliomo. Hapo ndipo linapozuka jambo gumu la maadili. Mwenye kuuliza akiisha kuuliza, naye asijibiwe, au akajibiwa kwa maneno yasiyokuwa na tendo, je, wajibu wake umekwisha? Na maafa aliyoyaonya yakitokea, je, yamtosha kusema kuwa alisema?

Suala hili lina uzito katika kila kazi ya serikali, lakini ni vigumu kupata mahali linapoonekana waziwazi kuliko katika nyumba za watu. Nyumba ni kitu ambacho mtu hukiamini akiwa amelala. Mpangaji wa nyumba ya halmashauri, katika ghorofa ya 20, huiona rangi ya ukuta wake lakini haoni kilicho nyuma ya rangi. Hana chombo cha kupimia kitu kilichotiwa ukutani, wala elimu ya kusoma hati za wajenzi. Humwamini mwenye nyumba, ambaye ni halmashauri. Halmashauri huuamini mwongozo wa wizara. Wizara huwaamini wataalamu. Na wataalamu, aghalabu, hutazama lile waliloulizwa tu. Kila mmoja humwegemea mwenziwe, na watu wanaoegemeana hivyo waweza kusimama muda mrefu bila ya hata mmoja wao kukanyaga ardhi. Kwa hiyo yahitajiwa mtu aliye nje ya mlolongo huo, ambaye kazi yake ni kuuliza ni nani aliyekanyaga ardhi.

Nchini Uingereza kazi hiyo ni ya Bunge. Tangu 1979 Baraza la Makabwela limekuwa na utaratibu wa kamati za kuchunguza kazi za kila wizara. Kamati inayoshughulikia nyumba na serikali za mitaa ina wabunge wa chama kinachotawala na wa vyama vya upinzani. Ina uwezo wa kuita watu na kutaka hati. Humhoji waziri, mkuu wa halmashauri, mjenzi na mpangaji. Kisha huandika taarifa. Serikali hutazamiwa kuijibu taarifa hiyo katika muda wa miezi miwili. Uwezo wa kamati huishia hapo. Yaweza kuuliza na kushauri, lakini haiwezi kuamuru.

Tarehe 11 Juni 1999 moto ulitokea katika jengo la ghorofa liitwalo Garnock Court, mjini Irvine, Scotland. Ulipanda upande wa nje wa jengo kwa dakika chache, na mtu mmoja akafa. Kamati ya Baraza la Makabwela iliyoshughulikia mazingira, uchukuzi na mikoa ikachunguza hatari ya mabamba yanayovikwa katika kuta za nje, ikatoa taarifa katika kipindi cha Bunge cha 1999 na 2000. Kamati haikutia chumvi. Ilikiri kuwa ushahidi ulioletwa mbele yake haukuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mabamba yaliyokuwa yakitumika ilikuwa na hatari kubwa. Walakini ilisema kuwa haifai kungoja moto mkubwa uue watu wengi ndipo hatua za busara zichukuliwe. Ikashauri kwamba mabamba hayo ama yawe ya kitu kisichowaka kabisa, ama yathibitishwe kwa jaribio la ukuta mzima kuwa hayaleti hatari isiyovumilika.

Ushauri huo ulikuwa mwepesi kueleweka. Serikali ililikubali jaribio la ukuta mzima kuwa njia mojawapo ya kutimiza kanuni, lakini haikuifunga njia ya zamani, ambayo ilitazama jinsi moto unavyotambaa juu ya uso wa kitu, si kilichomo ndani yake. Mwaka 2001 jaribio lililofanywa kwa ajili ya serikali lilionyesha kuwa mabamba ya alumini yenye plastiki ya polithini katikati huwaka kwa ukali wa kutisha. Matokeo hayo hayakutangazwa, na mlango wa zamani ukabaki wazi.

Maonyo hayakukoma. Tarehe 3 Julai 2009 moto katika jengo la Lakanal House, kusini mwa London, uliua watu 6, na 3 kati yao walikuwa watoto. Machi 2013 hakimu aliyechunguza sababu za vifo hivyo alimwandikia waziri kushauri kuwa mwongozo wa usalama wa moto upitiwe upya. Kundi la wabunge wa vyama vyote lililojishughulisha na usalama wa moto likawaandikia mawaziri barua baada ya barua. Novemba 2016 wakazi wa jengo la Grenfell Tower, magharibi mwa London, waliandika hadharani kwamba ni msiba mkubwa tu utakaofichua mwenendo wa wasimamizi wa nyumba yao. Wakati huo jengo lao la ghorofa 24 lilikuwa limekwisha kuvikwa mabamba ya alumini yenye polithini katikati.

Usiku wa 14 Juni 2017 moto ulioanzia katika jokofu kwenye ghorofa ya 4 ulitoka nje, ukayashika mabamba, ukapanda mpaka juu. Watu 72 walikufa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Martin Moore-Bick ilitoa taarifa yake ya mwisho tarehe 4 Septemba 2024. Ilisema kuwa moto ule ulikuwa kilele cha miongo ya taksiri ya serikali kuu na ya wengine waliokuwa na dhima katika ujenzi, na mwenyekiti wake akatamka kuwa vifo vyote vingaliweza kuepukwa.

Wahenga walisema kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika habari hii mambo yamepinduka: asiyesikia ndiye mkuu, na guu lililovunjika si lake. Huu ndio uchungu wa pekee wa siasa ya nyumba. Mtunga kanuni hulala penginepo. Akikosea, kosa lake huishi ukutani mwa mtu mwingine kwa miaka mingi bila ya kutoa sauti, na siku linapotoa sauti, yeye yamkini amekwisha hamia wizara nyingine au amestaafu kwa heshima. Kwa kuwa maumivu hayamrudii mwenye kosa, haiwezekani kutegemea kuwa maumivu yatamfunza. Hana budi kufunzwa kwa maulizo, tena kabla ya maumivu.

Mtetezi wa kamati ya 1999 ana hoja ya kusikilizwa. Atasema kuwa wabunge wale walitazama wakaona, na walichokiona wakakisema miaka 17 kabla ya msiba. Amri haikuwa mikononi mwao, na si haki kumlaumu mtu kwa jambo lisilokuwa katika uwezo wake. Kosa ni la aliyeambiwa, si la aliyesema. Hoja hii yatosha kuwaondolea wabunge wale hatia, wala si insafu kumweka aliyeonya katika mizani moja na aliyeficha matokeo ya jaribio. Lakini haitoshi kuonyesha kuwa kazi ya Bunge ilikuwa imekwisha. Kuna tofauti kati ya shahidi na mlinzi. Shahidi huitwa, husema alichokiona, kisha huenda zake, na hapana mwenye haki ya kumdai zaidi. Mlinzi akiona mlango u wazi hupiga ukelele, lakini hapimwi kwa ukelele wake. Hupimwa kwa kukaa kwake mpaka mlango umefungwa. Bunge halikuwekwa kuwa shahidi wa kazi za serikali. Liliwekwa kuwa mlinzi.

Tena, si kweli kuwa mwenye kuuliza hana uwezo ila wa kuuliza. Uwezo wa kuamuru kamati haina, lakini uwezo wa kurudi inao. Yaweza kumwita waziri baada ya mwaka mmoja na kumwuliza alichokifanya. Yaweza kumwita aliyemfuata, na aliyemfuata huyo. Swali la kwanza laweza kujibiwa kwa ahadi; swali la pili halijibiki ila kwa tendo, au kwa kukiri kuwa tendo halikufanyika. Ndiyo maana swali la pili huogopwa zaidi, na ndiyo maana aghalabu haliulizwi.

Yatasemwa pia kuwa maulizo yasiyokoma huifunga serikali mikono. Watu wasio na nyumba ni wengi, na kila kanuni ina gharama yake. Fikira hii ilikuwa na nguvu katika miaka iliyotangulia msiba. Kuanzia 2011 serikali ya Uingereza ilitaka kila kanuni mpya iliyowatwika mzigo wenye biashara ifidiwe kwa kuondoa mzigo ulio sawa nao. Kuanzia 2013 ikataka fidia mara mbili, na kuanzia 2016 mara tatu. Nia ya kupunguza mizigo si nia mbaya. Lakini yafaa kupambanua maswali ya aina mbili. Liko swali la upendeleo: nyumba ngapi zijengwe, wapi, kwa kodi gani, na nani atangulie kupewa. Swali la namna hii likiisha kuulizwa na kujibiwa laweza kuachiwa wapiga kura. Na liko swali la uhai: je, ukuta huu utawaua waliomo? Hili haliwezi kuachiwa uchaguzi, maana aliyekufa hapigi kura, na aliye hai hajui kuwa ndiye atakayefuata. Swali la upendeleo lina haki ya kuzeeka. Swali la uhai halina.

Kwa nini basi swali la 1999 lilizeeka? Haihitaji kudhani ubaya wa moyo wa mtu. Kati ya taarifa ile na msiba wa Grenfell wizara iliyohusika na nyumba ilibadilika jina mara 3, na kamati ikabadilika pamoja nayo. Uchaguzi mkuu ulifanyika 2001, 2005, 2010 na 2015, na tena tarehe 8 Juni 2017, siku 6 kabla ya moto. Wabunge waliokuwa na swali waliondoka mmoja mmoja, na mawaziri waliokuwa na deni la kujibu wakaondoka kadhalika. Wadai hawapo, wadaiwa hawapo; likabaki deni peke yake katika rafu la maktaba. Lililokosekana halikuwa ujuzi wala ujasiri wa kusema. Ilikosekana kumbukumbu yenye mwenyewe.

Tume ya Moore-Bick iliutambua udhaifu huu. Miongoni mwa mapendekezo yake 58 limo moja ambalo halihusu mabamba wala ngazi za dharura. Lataka sheria iilazimishe serikali kuweka hadharani daftari la mapendekezo yote yatokayo kwa kamati za Bunge, mahakimu wa uchunguzi wa vifo na tume za uchunguzi, pamoja na hatua zilizochukuliwa. Likikataliwa pendekezo, sababu ziandikwe. Na kila mwaka serikali iripoti kwa Bunge. Tarehe 26 Februari 2025 serikali ilitangaza kuyakubali mapendekezo yote, kwa ukamilifu au kwa kanuni. Daftari ni kitu kidogo, lakini maana yake si ndogo. Swali likiandikwa humo halifi kwa kustaafu kwa aliyeliuliza.

Kwamba kurudi kwa swali kuna faida kulionekana baada ya msiba. Kamati ya nyumba ilirudia habari ya mabamba mara kwa mara. Desemba 2018 vitu vinavyowaka vilipigwa marufuku katika kuta za nje za majengo mapya ya makazi yenye kimo cha mita 18 na zaidi. Juni 2020 kamati ilikadiria kuwa gharama ya kuondoa kasoro zote kubwa za moto katika majengo ya hatari yaweza kufika pauni bilioni 15, wakati serikali ilikuwa imetenga bilioni 1.6, Februari 2021 zikaongezwa bilioni 3.5. Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022 ikawakinga wakazi wengi wasitozwe gharama ya kuondoa mabamba. Si kamati peke yake iliyoleta hayo. Wafiwa na wakazi walidai kwa miaka mingi. Hata hivyo yaonekana kuwa serikali iliyoulizwa mara nyingi ilisogea, na iliyoulizwa mara moja ilisimama.

Mabunge ya Dodoma na Nairobi yalirithi kutoka London utaratibu wa maswali kwa mawaziri, pamoja na swali la nyongeza linaloulizwa baada ya jibu. Swali la nyongeza ni ishara kwamba waanzilishi wa utaratibu huo walijua kuwa jibu la kwanza halitoshi. Lakini nyongeza ya dakika ile ile haitoshi nayo. Mwenye amana yuahitaji nyongeza ya mwaka wa pili, na wa kumi, na nyongeza itakayoulizwa na mtu ambaye hakuwapo siku swali lilipozaliwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na aonaye ufa huwa amefanya jambo jema akiutaja. Lakini ufa hauzibwi kwa kutajwa. Aliyeuona akautaja amelipa nusu ya deni lake; nusu ya pili huilipa siku anapopitisha mkono juu ya ukuta na kuukuta umezibwa. Akifa kabla ya siku hiyo, kiti chake kinadaiwa bado.