Mwashi Aliyefichwa Udongoni

Tarehe 16 Juni 1964 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Niigata, Japani. Majengo ya ghorofa ya Kawagishi-cho yaliinama, moja likalala ubavu, lakini kuta zake hazikuporomoka. Kilichoyaangusha ni mchanga uliolowa maji chini ya misingi: ulipotikiswa ukawa kama uji.

Mchanga wa namna hiyo wahandisi wengi huuimarisha kwa saruji. Nayo saruji hupitia tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na utengenezaji wake hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Kumbe Muumba alikwisha kuweka mwashi ardhini kabla hatujajua kukoroga zege. Jina lake Sporosarcina pasteurii, bakteria wa udongoni asiyeonekana kwa macho. Amejaliwa kimeng'enya kiitwacho yureasi. Akipewa yurea, ileile ambayo mkulima huitia kwenye mahindi, huivunja, ikatoa amonia na kaboneti. Majini pakiwa na kalsiamu, kaboneti huungana nayo, na fuwele huanza kuota juu ya bakteria mwenyewe, kwa kuwa ukuta wa seli yake una chaji hasi inayoivuta kalsiamu. Hizo fuwele ni kaboneti ya kalsiamu, madini yaleyale ya matumbawe yaliyojengewa Ngome ya Yesu kule Mombasa. Hapana tanuri wala moshi.

Sasa tazama zinapokaa. Hazizibi kila tundu. Nyingi hujikusanya pale punje ya mchanga inapogusana na mwenzake, mahali hasa panapohitaji kushikwa. Mchanga ukawa jiwe, na bado maji yakapita ndani yake! Ni fundi gani angeweza kuzifuata punje hizo moja baada ya nyingine, chini ya nyumba ambayo watu wamo ndani wamelala? Bakteria wengi hufunikwa na fuwele walizozianzisha, wakabaki humo humo ndani ya jiwe. Mimi hapo husema Subhana Llah.

Huko Delft, Uholanzi, watafiti waliwajaribu bakteria hawa katika mita za ujazo 100 za mchanga, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Mchanga ulishikana, ingawa si kwa usawa: kwingine jiwe gumu, kwingine dhaifu.

Ila ipo amonia. Ikiachwa ichuruzike hufika kwenye maji ya chini ya ardhi na mitoni, ikadhuru samaki. Bakteria amefanya alichoumbiwa. Kuiosha na kuikusanya amonia ni wajibu wa aliyemwita kazini. Basi nawasihi wahandisi wetu watakaoileta mbinu hii katika miji yetu ya pwani: hesabuni gharama ya kuiondoa amonia tangu siku ya kwanza ya mradi, na msiuite ujenzi huo safi kabla maji yake hayajapimwa.