Marobota Mawili

Naomba nianze na robota. Hapa Nyasura, mjini Bunda, tunayajua marobota ya aina mbili. La kwanza ni la pamba. Pamba ikishachambuliwa, mbegu huenda kukamuliwa mafuta, nyuzi hufungwa robota, lori huja, basi, imeondoka. La pili hutoka bandarini, na ndani yake mna mashati waliyovaa watu wa Ulaya na Marekani mpaka wakayachoka. Mama yangu analima lile la kwanza. Mimi nauza lile la pili.

Jioni moja mama alishika shati kwenye biashara yangu, akalifikicha kwa vidole. "Mwanangu, hili si pamba?"

"Ni pamba, mama."

"Sasa mbona yangu inaondoka mpya kwa bei ya kutupa, halafu inarudi imechakaa na bado natakiwa kuinunua?"

Nilicheka, lakini usiku swali lile lilininyima usingizi. Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu, naandika riwaya yangu kwenye kaunta buku, si mchumi. Hata hivyo naona swali la mama ni la haki kabla halijawa la uchumi. Wakubwa wakitaka kutia sahihi mkataba wa biashara hutuambia kwamba "nchi itanufaika". Nchi ni nani? Nchi haina tumbo. Wanaokula au kulala njaa ni watu, na mara nyingi anayekula si yule anayelipa.

Tuchukue mfano ulio hai. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha, wakakubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Mimi nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakaenda kulalamika kwa serikali yao kwamba ajira zao zinakufa. Fimbo iliyotumika ni AGOA, ile sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha ule.

Angalia vizuri, AGOA haikuwa mkataba. Ilikuwa sheria ya mwenye nyumba, na mgeni anayekula kwa hisani hachagui mboga. Hilo ni somo la kwanza: hisani inaweza kukufunga kuliko mkataba, maana kwenye mkataba angalau una kiti mezani.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza, nikiri, nilifurahi. Kama mitumba ingeisha, mimi ningekula wapi? Halafu nikamkumbuka mama, nikaona aibu. Wazee wanaikumbuka Mutex pale Musoma, kiwanda cha nguo ambacho kilikuwa jirani kabisa na mashamba yetu. Sisemi kwamba mitumba peke yake ndiyo iliyoviangusha viwanda vya nguo vya umma. Mitambo mibovu, madeni na uongozi wa ovyo navyo vina dhambi yao. Lakini kiwanda kinachojikongoja hakiwezi kushindana na shati ambalo mwenyewe wa kwanza alilitoa bure.

Basi tusitie sahihi popote? Kuna washikaji pale kijiweni wanaosema hivyo, eti tujifungie tu. Hao nawaambia waende Sirari wakawaulize wazee. Jumuiya ya kwanza, ya mwaka 1967, ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukakaa hivyo hadi 1983. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka ule. Njia ya kwenda kwa shangazi ikawa njia ya panya, na magendo yakanenepa. Mlango wa mbele ukifungwa, anayefaidi ni mwenye ufunguo wa mlango wa nyuma.

Tazama tena mkataba wa EPA kati ya Ulaya na Afrika Mashariki. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia sahihi. Tanzania ikakataa, na Novemba mwaka huohuo Bunge likaunga mkono kukataa. Nani alikosea? Naona hakuna. Tanzania, kwa kuwa ilikuwa kwenye kundi la nchi maskini zaidi, tayari iliuza Ulaya bila ushuru; kwa kutia sahihi tungepata kidogo tu, kisha tufungulie zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za Ulaya hatua kwa hatua kwa miaka 25. Kenya haikuwa kwenye kundi hilo. Bila mkataba, maua yake yangetozwa ushuru. Karatasi ni ileile, majibu mawili, na yote yana akili. Kuuliza kama mkataba unafaa bila kusema unamfaa nani ni kama kununua kiatu bila kuujua mguu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mkataba wa haki ni ule ambao atakayeumia ameambiwa mapema, kwa lugha anayoielewa, na amewekewa kitu cha kushika. Mkitaka kuondoa mitumba, kwanza nionyesheni kitenge na shati la pamba ya Mara kwa bei ambayo mama wa Nyasura anaiweza, na mniambie mimi muuzaji nitashika nini. Mkitaka mitumba ibaki, mwambieni mkulima waziwazi kwamba yeye ndiye anayelipia unafuu wetu, kisha mumfidie. Kunyamaza na kusema "nchi itanufaika" ni kumwibia mtu huku unamsifu.

Wiki iliyopita nilimsimulia mama habari ya mwaka 2016 tangu mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza huku anachambua mboga.

"Kwa hiyo walikubaliana Arusha, wakakatazwa Marekani, na mimi mwenye pamba hakuna aliyeniuliza?"

"Hakuna, mama."

"Na wewe mwenye mitumba?"

"Hata mimi."

"Basi tusigombane sisi," akasema. "Lete hilo shati, nitalilipa pamba ikinunuliwa."